Berkeley Kabla ya Muhula

Taarifa kwamba nimekubaliwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ilitufikia San Diego mwishoni mwa Machi. Ikafuatiwa na mwaliko ambao mimi na mama tuliusoma kwa zamu bila kuuelewa. Nilitakiwa nifike chuoni mapema, muhula ukiwa bado, nikae bwenini na kusoma hesabu na uandishi katika programu iitwayo Summer Bridge, daraja la kiangazi. "Wenzako wamepumzika, wewe wanakuita," mama alisema. "Isije ikawa wameshaona hutaweza." Sikuwa na la kumjibu. Shule ya Morogoro niliiacha nikiwa kidato cha pili, bahati nasibu ya green card ilipotuleta Marekani. Mama anafanya usafi hotelini, na katika ukoo wetu, kwa baba na kwa mama, hakuna aliyesoma chuo kikuu tukaweza kumuuliza.

Nilikwenda kwa treni. Ya kwanza inatoka San Diego alfajiri na kupita pembeni kabisa mwa Pasifiki, bahari mkono wa kushoto, karibu kiasi cha kuona nyuso za vijana wanaocheza na mawimbi. Los Angeles nikashuka, nikaambiwa sasa ni basi. Nilipigwa na butwaa. Nchi yenye utajiri wote huu haina treni ya abiria ya kuvuka milima kati ya Los Angeles na Bakersfield! Abiria wanapakiwa kwenye basi, wanavushwa milima, halafu wanarudi relini kwa safari ileile. Wenzangu walipanga foleni kwa utulivu wa watu waliozoea, nami nikapanga.

Bakersfield ndipo linapoanza Bonde la Kati, na hapo nilibandika paji la uso dirishani nisilitoe. Saa nzima milozi mitupu, kisha mizabibu, kisha nyanya, kisha milozi tena, na mifereji ya maji iliyonyooka hadi macho yanakoma. California inatoa lozi nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote duniani. Katikati ya mizabibu walikuwepo watu, wamejifunga vitambaa usoni, wamevaa mashati ya mikono mirefu na kofia, katika joto lililopita nyuzi 38. Nilikuwa nimeamini kwamba kilimo cha huku ni mashine tu.

Baada ya kituo cha Wasco, mzee aliyekaa mkabala nami alinionyesha kwa kidole nyumba chache za mbao zilizosimama peke yake kwenye tambarare. Ni Allensworth, mji ulioanzishwa mwaka 1908 na Kanali Allen Allensworth pamoja na Wamarekani weusi wenzake. Kanali huyo alizaliwa utumwani Kentucky, na akiwa mtoto aliuzwa mbali kwa sababu alikuwa anajifunza kusoma. Mji wake ulikuwa na shule na maktaba. Sasa ni hifadhi ya historia. Treni haikusimama, lakini niligeuza shingo mpaka nyumba zile zikapotea.

Jioni nilishuka Richmond ili nichukue treni ya mjini, na baridi ikanipokea mlangoni. Mchana nilikuwa natokwa jasho, sasa nilikuwa natafuta sweta aliyonilazimisha mama. Baadaye nilielezwa kwamba joto la Bonde la Kati huivuta hewa ya baharini, nayo huingia na ukungu wake kupitia mlango wa Golden Gate. Kadiri bonde linavyochemka, ndivyo Berkeley inavyopoa. Nilifika kituo cha Downtown Berkeley nikiburuta sanduku, meno yakigongana, katikati ya kiangazi.

Asubuhi yake nilizunguka chuo kama mtoto aliyeachiwa sokoni. Kuna mnara wa kengele wenye mita 94, na ndani yake, pamoja na kengele, wamehifadhi maelfu ya mifupa ya wanyama wa kale. Kuna sehemu za kuegesha magari zenye kibao kilichoandikwa NL. Hizo ni za waliopata Tuzo ya Nobeli tu, na usiku na mchana mwingine haruhusiwi. Nilisimama mbele ya kibao hicho muda mrefu. Watu ambao kwangu walikuwa majina ya vitabuni, hapa wanahitaji mahali pa kuweka gari wakaingie kazini.

Mwenzangu wa chumbani alikuwa binti wa wavuna zabibu wa bonde lilelile nililopita. Nilipomwambia jinsi nilivyoshangaa kuona watu shambani, alisema, "Umewaona wazazi wangu." Kila kiangazi alikuwa akivuna nao, na mwaka huu ujira wake haukuingia nyumbani. Hilo sikuwa nimeliwaza. Kwa familia kama zetu, wiki za kusoma wakati wa likizo ni pesa iliyokosekana, hata kama masomo yamelipiwa. Baba yake alikubali baada ya siku nyingi.

Programu yenyewe niliielewa nilipoipimia na pre-form one ya kwetu, ile ambayo mtoto anasoma baada ya mtihani wa darasa la saba ili Kiingereza cha sekondari kisimkute mikono mitupu. Tofauti yake ni kubwa. Pre-form one anasoma mwenye mzazi wa kulipa. Huku chuo kinamtafuta hasa yule ambaye mzazi hana, na ambaye kati ya wazazi wake hakuna aliye na shahada ya miaka minne. Berkeley wanafanya hivyo tangu mwaka 1973, na alama tunazopata kiangazi zinahesabiwa kwenye shahada.

Kipindi cha kwanza cha uandishi mwalimu alikaa nasi duara moja, akataka tumwite kwa jina lake la kwanza, jambo ambalo ulimi wangu ulikataa katakata. Kisha akatusomea mstari kwa mstari karatasi ya mpangilio wa somo: alama zinagawanywaje, ukiugua unamwandikia nani, saa zake za ofisi ni zipi. Saa za ofisi! Nilidhani ni saa ambazo hataki kusumbuliwa. Kumbe ni saa anazokaa mlango wazi akisubiri wanafunzi.

Kwetu, ukiitwa ofisi ya walimu, moyo unaanza kudunda kabla hujajua kosa. Kijana wa mwaka wa pili aliyekuwa akitusaidia hesabu, naye alipitia Bridge, alinishauri niandike swali moja kwenye karatasi, nibishe hodi, nilisome. Nikapiga moyo konde. Mwalimu alikuwa na insha yangu mezani. Nilikuwa nimeeleza kwa uaminifu waandishi watatu walivyosema, kama nilivyofundishwa kuyanakili ya ubaoni na kuyarudisha salama. Pembeni alikuwa ameandika maswali matupu kwa penseli. Ukurasa wa tatu alizungushia duara sentensi moja iliyoanza na "lakini". "Hapa ndipo ulipoanza kusema wewe," aliniambia. "Anzia hapa." Akanipa penseli ile, akanyamaza, akasubiri niandike mbele yake. Niliandika mstari, nikaufuta, nikaandika mwingine. Hakuwa na haraka hata kidogo.

Usiku huo nilimpigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Nilimsimulia yote. Akauliza kama mwalimu hakukasirika kufuatwa ofisini, nikamwambia analipwa ili afuatwe. Mama alikaa kimya kidogo. "Basi hawakukuita kwa sababu huwezi," alisema. "Wamekuita wakuonyeshe milango."

Ndivyo ninavyoamini hadi leo. Mtoto wa mhadhiri anayajua haya tangu anakula uji: kwamba mwalimu anaulizwa, kwamba ruzuku ya serikali iitwayo Pell hairudishwi, tofauti na pesa ya Bodi ya Mikopo kwetu, kwamba somo lililokushinda unaweza kuliacha kabla ya tarehe fulani bila kuharibu matokeo. Hakuna mtihani unaoyapima, ila asiyeyajua anaweza kufeli akiwa na akili timamu. Vyuo vya nyumbani navyo vinapokea kila mwaka vijana waliotoka vijijini, wa kwanza katika koo zao. Wanastahili zaidi ya maelekezo ya siku chache.

Na kwako mzazi Mswahili uliyeko Marekani: mwanao akikubaliwa chuo, usingoje waraka ukufikie. Andikeni au pigeni simu kuuliza kama kuna ofisi ya EOP au TRIO, zinazosaidia wanafunzi kama mimi, na kama kuna Summer Bridge. Ulizeni mapema, nafasi ni chache na maombi hufungwa kabla ya kiangazi.