Wifi Yetu na Makaratasi ya Bibi Yake Mfungwa



Tangu tuweke picha za nguo ya harusi ya wifi yetu wa Kiaustralia, mmekuwa mkituuliza mambo mawili. La kwanza, kitambaa kilitoka wapi. Kilitoka Darajani, na mwenye duka anasema kimekwisha. La pili, ni kweli kwamba biharusi huyu ni kizazi cha mwizi? Ni kweli. Mwenyewe ametupa ruhusa tuandike, ila jina lake tumeliacha, kwani wazazi wake wako hai na si wote kwao wanaopenda jambo hili litajwe.

Lilianza kwa swali ambalo kila mchumba huulizwa kwetu: wewe ni wa watu gani? Mama yetu aliuliza kwa upole, kahawa na kashata zikiwa mezani. Wifi akajibu bila ya kupepesa macho kwamba kwa upande wa baba yake, asili yao ni mwanamke aliyeiba vitambaa London, akahukumiwa miaka saba, akatiwa melini na kupelekwa Tasmania. Mama akatuangalia sisi. Sisi tukaangalia mkeka. Shangazi akanong'ona kwamba aulizwe tena, pengine Kiswahili chake bado hakijakaa sawa.

Kilikuwa kimekaa sawa kabisa. Kuanzia mwaka 1788 mpaka 1868 Uingereza iliwapeleka Australia wafungwa wapatao 162,000, na kati yao wanawake kiasi cha 25,000. Wengi hawakuwa wauaji. Ni wizi wa shuka, wa kijiko cha fedha, wa kipande cha kitambaa dukani. Adhabu ilikuwa miaka saba, kumi na minne, au maisha, lakini hata wa miaka saba wengi hawakurudi kwao tena, maana nauli ya kurudi hakupewa mtu. Na aibu ikabaki. Pale wafungwa walipoacha kupelekwa Tasmania mwaka 1853, haukupita muda kisiwa chenyewe kikabadilishwa jina. Zamani kikiitwa Van Diemen's Land, na kuanzia 1856 kikawa Tasmania. Fikirini, kisiwa kizima kinabadilishwa jina watu wasahau!

Bibi yake wifi alikuwa akisema wao ni walowezi, watu waliokuja kwa hiari yao na kupewa ardhi. Nusu ni kweli. Nusu ya pili wifi aliipata kwenye makaratasi, na usiku wa wiki mbili tulizokuwa tukimshonea alikuwa akikaa dukani na kompyuta yake akituonesha, huku sisi tunapinda na kutia shanga.

Anasema unaanza na walio hai, unarudi nyuma hatua moja moja: cheti cha kuzaliwa cha baba, cha ndoa cha babu, cha kifo cha baba wa babu. Tasmania serikali ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo mwishoni mwa 1838, mapema kuliko sehemu nyingi za huko. New South Wales walingoja mpaka 1856. Nyuma ya hapo ni madaftari ya makanisa. Na pengine pana shimo tu: mwaka 1882 jumba kubwa la maonesho la Sydney, Garden Palace, liliungua, na karatasi za sensa ya mwaka uliotangulia zikateketea humo.

Sasa mwanamke ndiye anayepotea kwenye makaratasi, kwa sababu kwa desturi yao akiolewa anachukua jina la mume. (Sisi Waislamu hili hatuna, Alhamdulillah, unazaliwa binti wa fulani na unazikwa binti wa fulani.) Lakini mwanamke mfungwa hapotei upesi, kwa kuwa kila anapoandikwa linaandikwa na jina la meli iliyomleta. Akipigwa faini, meli. Akizaa, meli. Na mfungwa alikuwa haolewi mpaka serikali itoe ruhusa, kwa hiyo yako madaftari ya maombi ya ndoa: jina la mwanamume na meli yake, jina la mwanamke na meli yake, na pembeni jibu la mkubwa wa serikali. Huko ndiko wifi alikowakuta. Si bibi peke yake aliyekuwa mfungwa, hata bwana harusi alikuwa mfungwa! Jina la ukoo analotumia wifi mpaka leo ni la yule bwana.

Kutoka kwenye jina la meli akafungua daftari la mwenendo. Tasmania wamehifadhi karibu yote, na yanaonekana bure kwenye intaneti. Kumbukumbu hizi za wafungwa wa Australia zimo hata kwenye orodha ya UNESCO ya kumbukumbu za dunia, tangu 2007. Akatusomea. Urefu bila ya viatu, futi tano kasoro inchi moja. Nywele za kahawia. Paji la uso fupi. Pua ndogo. Kidevu cha mviringo. Kazi: mtumishi wa nyumbani, anaweza kushona. Wallahi tulisimamisha cherehani. Sisi tunaishi kwa vipimo, mtu akitupa urefu na umbo tunamuona. Tukaanza kumkadiria bibi yule: atataka yadi ngapi, mikono ya urefu gani. Ghafla hakuwa mwizi tena, alikuwa mteja.

Chini yake ndiyo makosa. Kamjibu bibi wa nyumba vibaya. Katoka bila ruhusa. Kalewa. Kila kosa na adhabu yake: siku kadhaa chumba cha peke yake kwa mkate na maji, au miezi kwenye jela ya wanawake ya Cascades, pale Hobart, kufua nguo za watu. Jela hiyo wakiiita "kiwanda", na ndani yake wanawake wamepangwa kwa madaraja, wa adhabu wakiwa chini kabisa. Wifi anasema jambo linalomuumiza si ule wizi. Ni kwamba kwa miaka saba hakuna hata mstari mmoja wa jema alilofanya, kwa kuwa daftari halina safu ya mema.

Mafundi wenzetu, hapa tuwaoneshe kitu. Mwaka 1841 meli iitwayo Rajah iliondoka Uingereza na wanawake wafungwa 180. Kundi la akina mama lililoanzishwa na Elizabeth Fry liliwapa kila mmoja mfuko: sindano, nyuzi, mkasi, tondoo, na ratili mbili za vipande vya kitambaa. Njiani wakaunga vipande 2,815 kuwa shuka moja la zaidi ya mita tatu kila upande, na likafika Hobart mwezi wa saba. Liko mpaka leo kwenye nyumba ya sanaa ya taifa, Canberra. Tulikuza picha tukatazama mishono. Pako mahali panaonekana mwenye mkono mzuri alishika, na mahali pengine masikini alikuwa anajifunza. Bibi yake wifi hakuwamo kwenye meli hiyo, alikuja baadaye, lakini tulimtafutia nafasi yake kwenye shuka lile. (Na kwa mabibi harusi wetu: msimamizi wao, Kezia Hayter, alichumbiwa na nahodha safarini, wakaoana Hobart.)

Upande wa mama yake wifi ndiko waliko walowezi, na huko makaratasi ni masafi: orodha ya abiria, hati ya ardhi, ramani. Sisi tulidhani atafurahi zaidi. Kumbe ndiyo inayomkosesha usingizi. Ardhi ilikuwa na wenyewe. Mwaka 1830 serikali ilipanga mstari wa watu zaidi ya 2,000, askari, walowezi na wafungwa, wakakikata kisiwa kuwasaka wenyeji wake na kuwasukumia pembeni. Hati ya babu imeandika ekari na mipaka. Wenyeji hawamo hata kwa neno moja. "Mwizi mmoja ana daftari zima," alisema wifi, "na wengine wana hati miliki."

Tulimuuliza pia kama Waislamu wamo kwenye makaratasi ya kwao. Wamo. Kuanzia 1860 walipelekwa wachunga ngamia kutoka pande za Afghanistan na India, wao na ngamia wao ndio waliobeba mizigo ya bara kule jangwani. Msikiti waliojenga Adelaide mwishoni mwa miaka ya 1880 bado watu wanaswali. Kisha sheria ya uhamiaji ya 1901 ikawabana: mmoja wao akitaka kwenda kuwaona watu wake na kurudi, ilibidi apate cheti maalumu, chenye picha ya uso, picha ya ubavu, na alama ya kiganja kizima kwa wino. Mdogo wetu alipoona kiganja kile cheusi alisema ni hina.

Na kuna lililomnyamazisha shangazi. Mwaka 1834 walipelekwa Sydney wasichana wawili watumwa kutoka Morisi, wadogo kabisa. Watumwa wa Morisi wengi walitolewa Madagaska, Msumbiji na mwambao wetu huu, Kilwa ikiwamo. Shangazi akanyanyuka kwenda kutazama wali ambao ulikuwa umeshaepuliwa.

Sasa nikaha. Baba yake wifi si Muislamu, kwa hiyo hawezi kuwa walii wake, na kwenye hali hiyo kadhi ndiye anayesimama. Hilo halikuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa jina. Shangazi alitaka aandikwe binti Abdallah, likafe jina la mfungwa huko huko. Akatoa na hoja ya ukoo wetu: watoto watasemwaje? Tukaenda kwa shehe. Akasema kusilimu hakumuondoi mtu kwa baba yake, aitwe kwa jina la baba yake hivyo hivyo, na dini yetu haimtwishi mjukuu kosa la bibi. Wifi hakusema kitu, lakini tuliona amekamata pindo la mtandio kwa mikono miwili.

Akaandikwa kwa jina lake. Nguo ilimkaa, masha Allah, mmeiona.

Siku ya tatu baada ya harusi shangazi alikuja dukani asubuhi, akakaa kwenye kiti cha wateja, akatwambia jina la bibi yake mzaa mama, jina tulilokuwa hatujapata kulisikia, na jina la bwana aliyekuwa akimmiliki kule Pemba kabla ya amri ya kukomesha utumwa ya 1897. Wifi alikuwa anakunywa chai. Akauliza tu kama anaikumbuka na herufi za kuandikia. Jumatatu walikwenda wawili wao nyumba ya Nyaraka, Kilimani, shangazi kavaa baibui lake la Idi. Hadi tunaandika haya wamefika daftari la tatu.