Aliyetangulia Mwaka Mmoja

Nilipotoka Mabawe kwenda Makerere kusomea shahada ya uzamivu, njia niliyoijua ilikuwa ya basi: Ngara, Biharamulo, Bukoba, Mutukula, unavuka. Msimamizi wangu alikuwa msomi makini tena mwenye huruma, lakini Mganda hahangaikii kibali cha kuishi Kampala. Sisi wageni tulipishana maktabani, kila mmoja akidhani amekwama peke yake.

Mambo yalianza kubadilika kupitia wenzetu wa CARTA, muungano wa vyuo na vituo vya utafiti vya Afrika ulioanzishwa mwaka 2008, ukiongozwa na kituo cha utafiti cha APHRC cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Wanafunzi wake huingia kwa makundi kutoka nchi mbalimbali na kukutana katika semina nne hadi wamalize. Dada mmoja Mkenya aliyekuwamo, aliyenitangulia mwaka mmoja, akaanza kutuita Jumamosi tusomeane kazi, hata sisi tusiokuwa wa kundi lake. Alipomaliza kusoma andiko langu la utafiti aliuliza, “Una maswali manne. Data zako zitajibu mangapi?”

“Mawili, dada.”

“Basi yaache hayo mengine.”

Profesa angeweza kuniambia hivyo, ila kwake nisingethubutu kukiri.

Zamu yangu ya kumsaidia mwingine ilifika alipokuja Mrundi aliyetaka kufanya utafiti kwetu Ngara. Yeye alisema Kirundi, mimi Kihangaza, tukaelewana bila shida. Hofu alizozificha kwa Kiingereza zikatoka zote. Nikampangia safari ya karatasi: kibali cha utafiti cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia ya Tanzania, kwanza, kisha kibali cha ukaazi daraja C, barua ya mkoa kutoka Bukoba, ya wilaya kutoka Ngara mjini, ndipo ashuke kwa mtendaji wa kata na wa kijiji. Nilimsisitiza asimruke mtendaji hata kama ameshakaribishwa chakula na mwenyekiti. Wazee wa kwetu humpokea mgeni vizuri, lakini hawasemi mengi mbele ya mtu asiyetambulishwa.

Linaloniuma ni wale wanaojilipia ada. Hawana kundi waliloingia nalo, hawana semina, na kwa maoni yangu ndio wanaohitaji mwenzao kuliko wote. Siku hizi tunapitia ofisi ya udahili kuuliza wageni wapya wako wapi, tunawapigia simu kabla hawajafungua mizigo.