Busia na Tororo: Njia ya Wafalme na Kalamu za Makarani

Msafiri ashukaye Busia wakati wa asubuhi hupokewa kwanza na malori. Yamepangana mstari mrefu, mengine yamebeba mafuta ya petroli, mengine chumvi, mengine saruji, yote yakingoja mhuri wa forodha. Busia ni mji mmoja wenye jina moja na serikali mbili: upande wa mashariki ni Kenya, upande wa magharibi ni Uganda. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipozinduliwa rasmi mwaka 2018, maofisa wa nchi zote mbili wamekuwa wakifanya kazi chini ya paa moja. Inasemekana pia kuwa ni hapa Busia ndipo lilipozaliwa neno bodaboda, siku zile vijana walipokuwa wakiwavusha abiria kwa baiskeli kutoka mpaka mmoja hadi mwingine.

Aghalabu askari apelekwaye kulinda mpaka huu huuona kuwa ni mahali pa magendo na vumbi tu. Ni wachache wajuao ya kwamba ardhi anayoikanyaga ilikuwa njia kati ya makasri mawili ya kifalme, na kwamba fitina za makasri hayo ndizo zilizoamua ni nani atawale hapa, na ni ukoo gani utakaoandikwa katika vitabu vya serikali.

KASRI LA MASHARIKI

Upande wa mashariki wa Busia, katika nchi ya Wawanga, palikuwa na kasri la Elureko, mahali ambapo leo panaitwa Mumias. Watawala wake waliitwa Nabongo, nao walitoka katika ukoo wa Abashitsetse. Ukoo huo nao haukukosa ugomvi wa ndugu. Uligawanyika, na Wanga ya juu, iitwayo Wanga Mukulu, ikawa na mtawala wake mbali na wale wa Elureko.

Misafara ya pwani ilipumzika Elureko kabla ya kuvuka Mto Sio kuelekea Busoga na Buganda. Ilinunua chakula, na biashara hiyo ikamletea Nabongo bunduki na nguo. Mwaka 1883 Mwingereza Joseph Thomson alifika hapo. Kijiji alikiita Kwa Sundu, kwa jina la Nabongo Shiundu, lakini aliyemkuta akitawala alikuwa Mumia, mwana wa Shiundu.

Miaka miwili baadaye akapita Askofu James Hannington. Aliacha sehemu kubwa ya msafara wake kwa Mumia, akaendelea na watu wapatao 50. Huko Mengo, baraza la Kabaka Mwanga lilikuwa limejaa hofu. Iliaminiwa ya kuwa adui atakayeila Buganda atatoka upande wa mashariki, na mgeni huyu alikuja kwa mlango huohuo wa nyuma. Amri ikatoka. Tarehe 29 Oktoba 1885 askofu akauawa Busoga. Mifupa yake ilihifadhiwa kwanza kwa Mumia, kisha ikazikwa Namirembe mwezi Desemba 1892. Shajara yake haikupotea: aliiandika hata alipokuwa kifungoni, nayo hadi leo ni mojawapo ya maandishi yaelezayo njia hii ilivyokuwa.

Fitina ya barua nayo ilitokea Elureko. Mapema mwaka 1890 Mjerumani Carl Peters alifika hapo, akakuta barua zilizotumwa kwa Frederick Jackson wa kampuni ya Kiingereza, ambaye wakati huo alikuwa safarini upande wa Mlima Elgon. Peters akazifungua barua zisizokuwa zake. Alipoona ya kuwa Mwanga anaomba msaada, akakaza mwendo hadi Mengo, akatia saini mkataba na Kabaka. Lakini tarehe 1 Julai mwaka huohuo, Uingereza na Ujerumani zilipatana huko Ulaya, na karatasi ya Peters ikawa haina thamani. Katika mambo hayo yote, Wasamia waliokuwa wakifua majembe ya chuma katika vilima vyao hawakuulizwa neno.

JEMADARI ALIYETAKA KITI

Ukitoka Busia kuelekea kaskazini, jiwe kubwa la Tororo huonekana toka mbali, limesimama peke yake juu ya uwanda, zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Chini yake mji una reli, kiwanda cha saruji na mitaa ya watu wa makabila mengi. Nchi hii pamoja na jirani zake iliitwa Bukedi, jina walilolitumia Waganda kwa majirani zao wa mashariki. Nayo iliingia katika daftari za serikali kwa sababu ya mtu mmoja aliyeshindwa katika mashindano ya kasri.

Mtu huyo ni Semei Kakungulu. Alitoka Koki, kusini-magharibi ya Buganda, akapanda kwa ushujaa wa vita hadi akapewa cheo cha Kimbugwe, mojawapo ya vyeo vikubwa vya ufalme, tena akaoa katika nyumba ya kifalme. Lakini njiani alikuwako Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda tangu mwaka 1889. Wote wawili walikuwa Waprotestanti, wote wawili mashujaa. Lakini mafahali wawili hawakai zizi moja. Kakungulu aliondoka Mengo, akatafuta nchi ya kutawala mashariki.

Tarehe 9 Aprili 1899 majeshi ya Waingereza pamoja na watu wa Kakungulu waliwakamata Kabaka Mwanga na Omukama Kabalega wa Bunyoro katika nchi ya Lango. Kakungulu aliamini ya kuwa malipo yake yatakuwa ufalme. Akajenga ngome Budaka, kaskazini-magharibi ya Tororo, akawagawia wafuasi wake nchi, na akataka aitwe Kabaka wa Bukedi. Mwaka 1902 Waingereza wakamwondoa Budaka, akahamia Mbale na kuupanda mji huo. Baadaye wakampeleka Busoga kuongoza baraza la machifu. Ufalme hakuupata. Mwaka 1919 yeye na wafuasi wake walishika dini ya Kiyahudi, na jumuiya yao, Abayudaya, ingali hai karibu na Mbale. Alifariki tarehe 24 Novemba 1928.

Kagwa alikuwa na silaha ambayo Kakungulu hakuwa nayo kwa kiasi hicho: kalamu. Mwaka 1901 alichapisha kitabu cha wafalme wa Buganda. Wafuasi wa Kakungulu nao waliandika habari za bwana wao kwa Kiganda, wakimsifu kama mshindi. Hivyo waliogombana barazani waliendelea kugombana katika karatasi.

WALIOANDIKWA NA WASIOANDIKWA

Tarehe 1 Aprili 1902 jimbo la mashariki la Uganda lilihamishiwa katika himaya iliyokuja kuwa Kenya, na Mumias ikahama pamoja nalo. Jamaa waliolala ndugu wakaamka wakiwa raia wa himaya mbili. Wasamia wako pande zote mbili, Wateso vilevile. Mwaka 1909 Waingereza walimfanya Mumia kuwa chifu mkuu, na ndugu zake pamoja na watu wake wakapewa kutawala makabila ya jirani, hata upande huu wa Busia. Huko Tororo na sehemu nyingine za Bukedi, mawakala wa Kiganda walikaa vitini, na Kiganda kikawa lugha ya baraza.

Hapo ndipo ilipo taabu. Karani aliandika alichoambiwa na aliyekaa kitini. Ukoo uliokuwa na mkalimani uliandikwa. Usiokuwa na mkalimani ulirukwa. Wazee walipotaka baadaye kudai shamba au uchifu, waliambiwa walete karatasi, nao walikuwa na makaburi na miti ya mipaka tu. Wanahistoria kama Gideon Were, John Osogo na Bethwell Ogot walizunguka miaka ya 1960 wakiwasikiliza wazee, wakaokoa mengi. Ogot aliandika habari za Wapadhola wa Tororo pamoja na za jamaa zao Wajaluo wa Kenya.

Lakini jambo hili halikuisha. Mpaka karne hii Wateso na Wapadhola wamevutana juu ya mji wa Tororo na mipaka ya utawala wake. Kila upande huleta nasaba yake, kila upande huleta karatasi zake. Atakayetaka kuwapatanisha hana budi kukumbuka ya kwamba karatasi nazo zina wazazi: ziliandikwa na fulani, siku fulani, kwa faida ya fulani.

FUNZO KWA NYUMBA YA ASKARI

Jamaa ya askari huhama. Mtoto huzaliwa katika kambi moja, huanza shule karibu na kambi ya pili, na babu yake humjua kwa picha tu. Mtoto wa namna hiyo yu karibu na hasara ileile iliyowapata watu wa mpakani: kuwa na ukoo lakini kutokuwa na maandishi yake.

Dawa yake haina gharama. Daftari moja la shule latosha. Wakati wa likizo, baba au mama na aandike majina ya mababu kwa kadiri wazee wayakumbukavyo, upande wa kuumeni na wa kikeni, jina la ukoo na mwiko wake, mahali walipozikwa, na mto au kilima walichovuka. Kila habari iandikwe jina la aliyeisema na tarehe aliyoisema. Pale wazee wawili wanapopingana, yaandikwe maneno ya wote wawili, wala asifutwe mmoja ili kumpendeza mwingine. Makarani wa zamani hawakufanya hivyo, na ugomvi wao wajukuu wangali wanaurithi.

Jioni, malori ya Busia huwasha taa na jiwe la Tororo hufifia gizani. Mumia, Kagwa na Kakungulu wote wamelala makaburini mwao, na majina yao yamo vitabuni. Ya mfua majembe wa Samia yamo katika kinywa cha mjukuu wake, na yatadumu ikiwa mjukuu huyo atashika kalamu kabla mzee hajanyamaza.