Magogo Yalikuwepo

Mwaka 1997 lori la mahindi lilipinduka korongoni, karibu na kwetu Mbangala. Wakati huo tulikuwa bado Wilaya ya Chunya, mkoani Mbeya. Mkoa wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016. Nilikuwa kijana mwenye nguvu zangu. Dereva, aliyekuwa ameoa kijijini kwetu, alibanwa miguu na dashibodi. "Taratibu, wanangu!" alilia. Hatukusikia. Tulimshika mabegani, tukahesabu moja, mbili, tatu, tukavuta. Alitoka, nasi tukashangilia. Hakutembea tena.

Miaka ikapita, nikawa askari wa zimamoto. Siku ya mafunzo ya uokoaji tulikuta gari bovu limelazwa ubavu. Nilidhani tutaanza na mashine ya kukata chuma. Mkufunzi akatupa vipande vya mbao.

"Gari kwanza, kijana," alisema.

Tukalizunguka tukinusa kama petroli inavuja. Tukakaza kabari chini yake mpaka likaacha kutikisika, tukazima swichi, tukafungua waya hasi wa betri. Mmoja wetu akaingia kwa nyuma, akashika kichwa cha mwenzetu aliyejifanya majeruhi, akawa anaongea naye bila kukiachia. Maana uti wa mgongo ukiwa umevunjika, kuipinda shingo mara moja tu kwaweza kumpoozesha mtu. Ndipo tukaondoa vioo, tukakata nguzo za paa, tukaisukuma dashibodi mbele.

"Hatumtoi mtu garini," mkufunzi alisema. "Tunaliondoa gari juu ya mtu."

Akatufunza pia kwamba aliyebanwa kwa saa nyingi asifunguliwe ovyo kabla mganga hajawa tayari, kwani sumu ya nyama iliyopondeka ikiingia kwenye damu huweza kusimamisha moyo.

Usiku ule sikupata usingizi. Nilikuwa naisikia hesabu yetu: moja, mbili, tatu.

Nilipopata likizo nilirudi Mbangala, nikawakusanya vijana kwenye pikapu chakavu. Mashine hatukuwa nayo. Tulikuwa na magogo, mawe, jeki na kamba. Yule dereva, sasa mzee, alisukumwa kwa kiti chake hadi pale, akatazama tangu mwanzo hadi mwisho. Tulipomaliza alinyoosha kidole.

"Magogo kama haya hata siku ile yalikuwepo."

"Yalikuwepo, baba," nikajibu. Sikuwa na neno jingine.

Alinyamaza kidogo, kisha akamgeukia kijana mmoja. "Wewe, hukukishika vizuri kichwa. Rudia."

Tukarudia.

Msomaji, gari likiwaka moto, mvute mwenzako upesi uwezavyo. Lisipowaka, piga 114, zuia magurudumu, shika kichwa chake, ongea naye. Nguvu tulikuwa nazo siku ile, na huruma pia. Tulichokosa ni subira ya dakika chache, na mzee yule ameilipia maisha yake yote.