Greda, Volti 5 na Kesi ya Oili Lyamkena

Nilipotea kidogo kwa sababu ya TP, yaani mazoezi ya kufundisha, ambayo safari hii yalinipeleka Lyamkena, pale Makambako. Wengi mnaijua Makambako kwa kupitia dirisha la basi: njia panda ya Mbeya na Songea, stesheni ya TAZARA, na baridi ya mwezi wa saba ambayo si ya kitoto. Ila leo sina habari za baridi. Nataka tuongee kuhusu sensa za injini kwenye mitambo ya barabara, kwa sababu nimeona mtu akikaribia kubambikwa deni la injini nzima, kisa wenzake walisoma nusu ya namba.

Tuanze na fizikia kidogo, msikimbie. Injini za siku hizi zina kompyuta, na hiyo kompyuta haioni oili wala haisikii joto. Inaona volti tu. Inapeleka volti 5 kwenye sensa ya presha, na sensa inarudisha sehemu yake. Nyingi hurudisha kama 0.5 presha ikiwa sifuri na kama 4.5 presha ikiwa juu kabisa. Kwa hiyo ikirudi 0.1, kompyuta inajua kabisa kwamba hapo si oili inayoongea. Ni umeme wenyewe una matatizo.

Ndiyo maana kwenye mashine nyingi zinazofuata utaratibu uitwao J1939, hitilafu inaandikwa kwa namba mbili. Ya kwanza inataja kitu: 100 ni presha ya oili, 102 ni presha ya upepo wa turbo, 110 ni joto la maji ya injini. Ya pili inataja kasoro yenyewe. 100 ikifuatwa na 1, presha ya oili kweli imeshuka vibaya, zima injini haraka. 100 ikifuatwa na 4, volti za sensa ziko chini kupita kawaida, na oili inaweza kuwa salama kabisa. Tofauti ya tarakimu moja, lakini hizo ni kesi mbili zisizofanana hata kidogo.

Sasa, greda moja ya kukodi ilikuwa inachonga barabara ya mtaa, si mbali na nilikopanga. Asubuhi moja taa zikawaka, injini ikaishiwa nguvu, opereta akazima. Bosi wake akaja, akatazama kioo, akaona 100, akahukumu palepale: "Umeendesha bila oili. Injini ikifa, utailipa wewe." Jamani, kulipa injini ya greda! Huyo kaka analipwa kwa siku. Akachomoa kijiti cha kupimia, oili ipo kwenye alama. Haikusaidia. Sensa mpya ikaagizwa Dar, ikaja na basi, ikafungwa. Taa zileile.

Kilichomwokoa ni simu yake. Siku ya kwanza alipiga picha za kioo, ukurasa hadi ukurasa. Akaitwa mzee mmoja fundi umeme wa magari, na kabla hata ya kufungua boneti akasema, "Kijana wangu, nionyeshe picha zote." Zilikuwa hitilafu tatu: 100 na 4, 102 na 4, na chini kabisa 3509 na 4. Hiyo 3509 ni umeme unaolisha sensa zenyewe. Mzee akanigeukia: "Ticha, wanafunzi wako wote wakikosa uji siku moja, utawapeleka hospitali au utakwenda kumuuliza mpishi?"

Akachomoa plagi ya sensa ya oili, swichi ikiwa imewashwa na injini imezimwa, akapima waya wa kulisha na waya wa hasi. Ilitakiwa 5, ikaja 0.3. Akachomoa na sensa nyingine zinazokula kwenye mstari huo, moja baada ya nyingine, macho kwenye mita. Kama mojawapo ndiyo ingekuwa na shoti, volti zingerudi ikishachomolewa. Hazikurudi. Basi sensa zote zikatoka kwenye kesi, ikabaki waya au kompyuta. Akafuata fungu la nyaya kwa vidole mpaka linapopita kwenye kona ya chuma. Kumbe mtikisiko ulikuwa umekula ganda la waya, shaba inagusa chuma! Akautenga tu, mita ikapanda 5.0. Akaufunika vizuri na kuufunga mbali na ile kona.

Nilidhani kazi imeisha. Wapi! Akafunga geji ya kawaida ya presha kwenye injini, ndipo akaruhusu iwashwe. Presha ya oili ilikuwa nzuri, na kioo kikakubaliana na geji. Hapo sasa hata bosi hakuwa na la kusema.

Akanipa na somo la mwinuko. Injini ikiwa imezimwa, sensa ya turbo inayopima presha kamili inatakiwa kusoma presha ya hewa ya mahali ulipo. Dar ni kama kilopaskali 101. Makambako, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, ni kama 83. Fundi aliyezoea Pwani anaweza kuitupa sensa isiyo na kosa lolote.

Wiki ile nilichora volti 5 na vikinzani viwili ubaoni, na kwa mara ya kwanza hakuna mwanafunzi aliyeniuliza sheria ya Ohm inasaidia nini mtaani.

Kuhusu kaka yetu, deni la injini lilifutwa. Siku ambazo greda ilisimama hakulipwa hata senti, na sensa iliyobadilishwa bure inazunguka kwenye droo ya mtu. Mwenye ndugu opereta amwambie hili: taa ikiwaka, zima salama, halafu piga picha za namba zote mpaka ya mwisho, kabla ya mtu yeyote kuzifuta. Nikimaliza ripoti ya TP nitarudi, panapo majaliwa.