Kilo 38 za Kwenda Mtae

Mizani ya duka la nafaka mtaani kwetu Tegeta imezoea mahindi na maharage. Jumamosi moja mwanzoni mwa Juni nilimwomba mwenye duka anipimie mzigo wangu wa safari, nao ukafika kilo 38. Aliutazama mshale, akautazama mzigo, akasema, "Dada, hiki ni kiroba cha unga na nusu yake."

Ilikuwa safari yangu ya kwanza ya mbali kwa pikipiki. Nilitaka kutoka Dar es Salaam hadi Mtae, kijiji kilichokaa ukingoni kabisa mwa milima ya Usambara Magharibi, nikilala kwenye hema langu njia nzima. Pikipiki yangu ni Boxer 150, ileile inayobeba abiria kila kona ya nchi. Hema nililoazimwa lilikuwa la turubai, la familia, na nguzo zake za chuma: kilo 14 peke yake. Godoro la sponji kilo 4. Jiko na mkaa wake kilo 6. Sufuria, sahani na vikombe kilo 4, dumu la maji la lita 5, nguo na blanketi kilo 5. Kila kimoja nilikuwa na sababu ya kukichukua, na sababu zote zilikuwa za nyumbani.

Niliupeleka mzigo ule kwa fundi wangu, mzee ambaye amefungua injini za pikipiki tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Baada ya shikamoo na marahaba, aliufunga wote kwenye keria, akaniambia nikae kwenye kiti na nishike usukani. Kisha akazunguka nyuma, akaikandamiza keria kwa mkono mmoja. Tairi la mbele likanyanyuka.

"Umeusikia usukani ulivyokuwa mwepesi, mwanangu?" aliniuliza. "Wepesi huo ndio unaoua watu mlimani."

Alinieleza taratibu, akionyesha kwa kidole chenye grisi. Keria imekaa nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma. Kwa hiyo kilo inayowekwa pale hailielemei gurudumu la nyuma tu, bali inalinyanyua la mbele pia, kama ubao wa watoto wa kupanda na kushuka. Kwenye tambarare hutaliona tatizo. Ukifika kwenye mpando wenye kona, tairi la mbele linakuwa limegusa lami bila kuishika. Unakata kushoto, pikipiki inaendelea kwenda mbele. Na breki ya mbele ndiyo yenye nguvu kuliko ya nyuma, lakini haiwezi kusimamisha kitu kama tairi lake halina uzito juu yake. Akataka kila kilicho kizito, yaani maji, vifaa vya ufundi na tyubu ya akiba, kikae chini na kiegemee mgongo wangu. Huku nyuma kabisa vibaki vitu vyepesi tu.

Nikarudi nyumbani nikatandaza kila kitu sakafuni. Swali nililojiuliza usiku ule ndilo lililoamua safari yangu: barabara hii itaniuzia nini? Kutoka Bagamoyo hadi Lushoto hakuna kituo cha mabasi kisicho na mama lishe. Chai ipo, chapati zipo, wali na maharage upo. Maji ya chupa yapo hata pale ambapo hakuna umeme. Jiko, mkaa na sufuria kubwa nilikuwa nabebea njaa ambayo barabara ingeimaliza kwa pesa kidogo. Kitu kimoja tu hakiuzwi njiani saa nne usiku mvua ikinyesha, nacho ni mahali pakavu na pa joto pa kulaza mwili. Nikaamua fedha yangu na kilo zangu ziende huko.

Siku tatu nilishinda Karume, Ilala, kwenye mitumba. Hema za mtumba zipo, lakini zataka jicho. Hema ya kisasa ni nailoni au polista iliyopakwa utando wa kuzuia maji upande wa ndani, na utando huo huzeeka hata kama hema haijawahi kutumika. Ukiikunjua ukakuta inanata mkononi, inabanduka vipande kama ngozi iliyoungua jua na inatoa harufu ya uchachu, irudishe hata kama ni ya bure. Niliziacha tatu za namna hiyo. Ya nne ilikuwa ya watu wawili, na lebo yake iliandikwa milimita 3,000. Maana yake ni kwamba kitambaa kile kinahimili safu ya maji yenye kimo cha mita 3 kabla hakijaanza kuvujisha. Nikakibana mdomoni nikapuliza, pumzi haikupita. Nikakagua mishono, mmoja baada ya mwingine, maana maji huanzia pale sindano ilipopita, nikakuta utepe wa kuifunika bado umeshika. Fito zake zilikuwa za alumini. Za faiba ni rahisi, ila hupasuka kwa urefu na kukuachia miiba mkononi. Zikikunjwa zilikuwa na urefu wa sentimita 40, hazikuzidi upana wa keria. Hema zima lilikuwa kilo 2.2.

Begi la kulalia lilinisumbua zaidi. Yale ya manyoya ya bata ni mepesi ajabu na hujikunja hadi ukubwa wa kichwa cha kabichi, lakini manyoya yakilowa hujigandamiza na joto linaisha. Mwenye pikipiki hana buti la gari la kufungia vitu vyake. Mvua ikija, kila alichobeba kiko nje naye. Nikachagua la nyuzi za polista, kilo 1.4, ambalo hata likipata unyevu bado hubakiza joto kiasi. Lebo za mabegi haya huwa na namba tatu za baridi, na watu wengi husoma iliyo ya chini zaidi kwa sababu ndiyo inayovutia. Kumbe namba ya kwanza ni ya baridi ambayo mwanamke wa kawaida atalala nayo vizuri, ya pili ni ya mwanamume aliyejikunja, na ya tatu ni ya kunusurika tu na kifo usiku mmoja. Langu lilisema nyuzi 8 kwa ile ya kwanza. Nikaridhika.

Nikabaki na kitu cha kutandika chini. Hapo nilibana mahali pasipobanwa: nikachukua mkeka wa plastiki wa pale nyumbani, gramu 600, nikasema umetosha.

Mzigo mpya ulipopimwa, vifaa vya ufundi na pampu na lita 3 za maji vikiwemo, ulikuwa kilo 12 na nusu. Fundi aliukandamiza tena kwenye keria. Tairi la mbele halikutoka ardhini. Akanipa mipira minne aliyoikata kwenye tyubu kuukuu ya lori, akasema hiyo haikatiki wala hailegei kama kamba.

Niliondoka kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Bunju, Bagamoyo, halafu ile barabara ya kilomita 64 hadi Msata ambayo alfajiri huwa karibu tupu. Msata unaingia barabara kuu ya kaskazini, na hapo unajua uko na nani. Mabasi ya Arusha na Moshi yalinipita yakiniachia upepo unaosukuma kama bega la mtu. Mara ya kwanza nilikaza mikono kwa hofu, kisha nikaona pikipiki inayumba kidogo na kujirudisha yenyewe. Mzigo ulikuwa mfupi kuliko mabega yangu, upepo haukuwa na pa kuushika. Niliwaza lile turubai na nguzo zake lingesimama vipi nyuma yangu pale juu ya daraja la Wami, na malori mawili yakipishana.

Mkata, Kabuku, Segera. Segera nilikula wali samaki nikanywa chai mbili. Korogwe nikafika jua linaelekea kuzama juu ya mashamba ya mkonge, na mwenye nyumba moja ya wageni akanikubalia nisimike hema uani kwake kwa malipo kidogo. Joto lilikuwa kali na mbu wengi. Nilisimika chandarua cha ndani pekee, nikaacha kifuniko cha mvua kwenye mfuko wake, nikalala chali juu ya mkeka nikitazama nyota. Begi la kulalia nililifanya mto.

Kesho yake, Mombo, barabara ikaniacha nipande. Ni kilomita 33 hadi Lushoto, kutoka kama mita 400 juu ya usawa wa bahari hadi karibu 1,400, kona juu ya kona, ukuta wa mwamba mkono mmoja na korongo mkono wa pili. Kila mita elfu moja ya kimo hukupunguzia joto nyuzi sita au saba, na nililisikia likipungua kwenye vifundo vya vidole kabla sijafika Soni. Lakini nilichokisikia zaidi ni tairi la mbele. Nilikata kona nalo likakata. Nilishika breki nayo ikashika. Nilipopita Soni nilikuwa naongea peke yangu ndani ya helmeti kwa furaha.

Baada ya Lushoto ni msitu wa Magamba, halafu Lukozi na malori yake ya kabichi na karoti, halafu udongo mwekundu hadi Mtae. Niliripoti kwa mwenyekiti wa kijiji, kama inavyompasa mgeni, naye akanipeleka kwa mama mmoja mwenye uwanja mdogo nyuma ya migomba. "Karibu mwanangu," alisema, "lakini huku kuna baridi, na hiyo nyumba yako ni kitambaa." Nilimwonyesha begi langu na lebo yake. Akalipapasa, akanyamaza.

Mvua ilianza saa tatu usiku. Hema halikuvuja tone, na nililala kimya nikiusikiliza ule mshindo juu yangu kwa shukrani. Saa sita nikaamka natetemeka. Juu nilikuwa na joto. Baridi ilikuwa inatoka chini, kwenye nyonga na mabegani. Begi la kulalia hufanya kazi kwa hewa iliyonaswa kati ya nyuzi zake, na mwili ukililalia hewa yote ya upande wa chini hutoka. Hapo unabaki na mkeka tu kati yako na ardhi, na mkeka wa plastiki hauna hewa ndani yake. Nilivaa nguo zote nilizokuwa nazo. Haikusaidia, kwa sababu ardhi ilikuwa inaninyonya.

Mama aliiona tochi yangu. Alikuja na mwavuli, mjukuu wake nyuma akiwa amekumbatia furushi la majani makavu ya migomba yaliyokuwa yametunzwa jikoni juu ya dari. "Inuka mwanangu, tutandike." Tuliyatandaza chini ya mkeka kwa unene wa kiganja, yakinukia moshi. Nililala hadi jogoo la pili.

Asubuhi ukungu ulijaza bonde lote. Ulipofunguka, uwanda wa Mkomazi ulionekana chini sana, wa kahawia na mkubwa mno, na mimi nimesimama juu yake na kikombe cha chai ya maziwa. Nilijaribu kumlipa mama. Alikataa mara mbili, akasema nikirudi nimletee habari za mjini.

Wiki iliyofuata nilikwenda Kariakoo nikanunua mkeka wa mazoezi wa sponji, unene wa sentimita 1, nikaukata kuanzia mabegani hadi magotini: nusu kilo. Ule wa plastiki ukarudi barazani. Niliufunga mzigo wote kama ulivyokuwa, nikaupeleka tena dukani. Mshale ukasimama hatua moja chini ya zile kilo 12 na nusu.

"Safari nyingine, dada?"

"Mtae tena, mwezi ujao. Nipimie na sukari kilo mbili, niipeleke kwa mama yangu wa huko."

Akaijaza kwenye mfuko, akauweka juu ya mzigo, nasi tukausoma mshale pamoja: kilo 14, karibu na nusu.