Daftari la Mjukuu

Wenzangu wa rika langu hapa Misunkumilo, Mpanda, wana neno moja juu ya vijana, kwamba hawana adabu ya siasa. Wanabisha mno. Wanataja majina ya viongozi bila hata kuyatanguliza na "mheshimiwa", na wanapanga kampeni vijiweni kama makatibu wakuu wa vyama. Nimelisikia neno hilo misibani na kwenye mabaraza ya jioni, na kwa miaka mingi nilikuwa nikilitikisia kichwa kulikubali. Sasa nina miaka 82, na nimeamua kulikataa.

Kura yangu ya kwanza niliipiga Septemba 1965. Nilikuwa kibarua wa reli stesheni ya Mpanda, mwisho wa ile njia iliyotandikwa kutoka Kaliua kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi, mgodi uliomlisha baba yangu mpaka ulipofungwa. Chama kilikuwa kimoja, TANU, lakini jimbo lilipewa wagombea wawili, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwingine ya nyumba. Walizungushwa pamoja na kupandishwa jukwaa moja. Kugusa kabila au dini ya mwenzako ilikuwa marufuku, na lugha ya kampeni ilikuwa Kiswahili peke yake, hata penye wasikilizaji ambao ni Wabende au Wakonongo watupu. Kwa Rais hapakuwa na jembe wala nyumba, kulikuwa na Mwalimu Nyerere tu, ndiyo au hapana.

Asije mtu akasema uchaguzi ule haukuwa na nguvu. Mwaka ule Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aliangushwa na wapiga kura wa kwao Mwanza. Habari ilipotufikia stesheni, tuliisimulia kwa siku nyingi. Kumbe karatasi inamng'oa waziri! Tulibishana sana sisi. Ila tulibishana kuhusu mtu: fulani ni mpole, fulani anasaidia misibani, fulani akipata cheo atahamia Dar es Salaam na kutusahau. Hakuna aliyeuliza mgombea atashinda kwa njia gani, kwa kuwa hapakuwa na cha kupanga. Mipango ilikuwa ya chama, na sisi kazi yetu ilikuwa kuitikia.

Mazoea hayo yalituingia mpaka kwenye mifupa. Tume ya Jaji Nyalali ilipokusanya maoni mwaka 1991, nilikuwa miongoni mwa wale waliotaka chama kibaki kimoja, na hatukuwa wachache, tulikuwa takriban wanane katika kila kumi. Niliogopa vita. Tulikwishawapokea ndugu zetu wa Burundi waliokimbia mwaka 1972, wakakaa Katumba na baadaye Mishamo, na nilijua mkimbizi anafanana na nini anaposhuka kwenye lori. Sioni haya kwa hofu ile. Ninachojutia ni kwamba niliwafundisha wanangu hofu badala ya kuwafundisha hesabu. Hesabu walijifunza wenyewe.

Hilo lilidhihirika mwaka 2005. Kikwete wa CCM alipata kura nane katika kila kumi nchi nzima, na upinzani bara ukaonekana umekwisha. Chadema ilipata majimbo matano tu ya kuchaguliwa: Karatu, Moshi Mjini, Tarime, Kigoma Kaskazini, na la tano lilikuwa letu, Mpanda Kati, kwa Said Amour Arfi. Mji mdogo mwisho wa reli! Vijana waliolibeba jimbo lile walikwenda nyumba kwa nyumba, wakapanga nani akae kituo gani, nani alale na matokeo. Sisi wazee tulidhani ni utundu. Mwaka 2010 wakalirudisha tena, ilhali Waziri Mkuu wa nchi, Mizengo Pinda, Mtoto wa Mkulima, alikuwa jirani yetu wa jimbo la pembeni. Kumpenda Pinda kama mtoto wa nyumbani na kukipigia kura chama kingine havikugombana ndani ya nafsi zao. Mimi jambo hilo lilinisumbua nisilale.

Lakini mwaka ninaoukumbuka kuliko yote ni 2015.

Mjukuu wangu alikuwa na miaka 20. Alizaliwa mwaka wa Mrema, 1995, ule uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi ambao watu walilisukuma gari la mgombea kwa mikono. Alikuwa na daftari la shule la kurasa 48, na ndani yake alichora mistari na kuandika mikoa yote, kura za 2010 za Kikwete na za Dokta Slaa wa Chadema, na pembeni idadi ya watu walioandikishwa wakakaa nyumbani. Mwaka ule wa 2010 zaidi ya nusu ya walioandikishwa hawakupiga kura. "Babu," aliniambia, "ushindi uko kwa hawa waliolala." Nilimwambia aende akafunge mbuzi.

Kisha Julai ikaja. Kule Dodoma, CCM ilipochuja wagombea urais, jina la Edward Lowassa likakatwa, na la Pinda wetu likakatwa pia. Kabla mwezi haujaisha Lowassa akahamia Chadema, kisha akapewa bendera ya Ukawa, umoja wa vyama vya upinzani. Fikiria namna jambo hili lilivyotuingia sisi watu wa mkoa wa Katavi. Huyu ndiye aliyejiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008 kwa sakata la Richmond, na aliyekalia kiti chake alikuwa mtoto wetu. Tena ndiye aliyetajwa kwenye orodha ya mafisadi aliyoisoma Slaa pale Mwembe Yanga mwaka 2007. Sasa vijana walewale walioisambaza orodha ile kwa vinywa vyao waliambiwa wampigie deki barabara apite.

Kijiwe chao kilikuwa kwa fundi baiskeli, kwenye njia ya kwenda bwawa la Milala. Nilikuwa napita hapo jioni, nikaanza kupunguza mwendo, mwisho nikaomba kigoda. Sikupata kusikia watu wakihojiana namna ile. Mmoja alishikilia kwamba chama kinachohubiri usafi miaka minane hakiwezi kumeza tapishi lake na kubaki na mdomo. Mwingine akamjibu kwamba usafi haujawahi kuhesabiwa kituoni, kinachohesabiwa ni kura, na Lowassa anakuja na mtandao wake wa wilaya zote. Tarehe 1 Septemba Slaa alipotangaza kuachana na siasa, kijiwe kizima kilinyamaza kama kwenye matanga, kisha wakaanza upya. Hotuba za Lowassa ni fupi mno, azungumze nani badala yake? Magufuli, mgombea wa CCM, anapita kwa barabara, anasimama kila penye watu, je, mafuriko ya viwanjani yanashinda kusimama kwenye kila kijiji? Kijana wa kijani, wa CCM, alikuwa palepale, amevaa fulana ya chama chake, anachambua udhaifu wa wenzake na wenzake wanachambua wa kwake, na baiskeli ikiwa tayari wanachangishana kumlipia aliyepungukiwa.

Nilitaka kuwaambia habari za mtu mwema na mtu mbaya, kama tulivyopima sisi jembe na nyumba. Sikusema. Niligundua kwamba hawa watoto walikuwa wanaliamini sanduku la kura kuliko nilivyopata kuliamini mimi. Mtu hatoki jasho kupanga namna ya kushinda pambano analoamini limekwisha kuamuliwa. Kelele ile yote, utovu ule wa adabu wanaousema wenzangu, ilikuwa imani.

Magufuli alipata zaidi ya kura milioni 8.8, Lowassa zaidi ya milioni 6. Jimbo letu likarudi CCM. Mjukuu aliandika hesabu zote daftarini kwa wino mwekundu, akapiga mstari, akaanza ukurasa wa 2020.

Ukurasa ule haukujaa. Mikutano ya hadhara ilizuiwa kwa miaka, na Machi 2019 Lowassa mwenyewe akarudi alikotoka. Kijiwe kikawa cha mpira. Kiliamka mara moja tu, Januari 2025, Chadema walipomchagua mwenyekiti na nchi nzima ikatazama: Tundu Lissu kura 513, Freeman Mbowe 482. Wale vijana, sasa baba za watu, walikesha. Nilisikia shangwe kutoka kitandani kwangu, nikafurahi, ingawa chama si changu.

Muda si muda mabishano yakageuka. Chadema walisema bila mabadiliko hakuna uchaguzi. Aprili Lissu akakamatwa na kushtakiwa uhaini, na chama chake kikaondolewa kwenye uchaguzi kwa kutosaini kanuni za maadili. Pale kwa fundi hawakubishana tena nani asimame wala azungumze vipi. Walibishana kama kuna haja ya kwenda kituoni. Na walibishana kwa sauti za chini. Sauti ile ya chini ndiyo iliyoniumiza. Ninaijua. Ni sauti ya baba yangu akizungumzia wakubwa wa mgodi.

Oktoba 29 nilikwenda kupiga kura, kwa kuwa nimefanya hivyo tangu 1965 na miguu yangu haijui njia nyingine. Mjukuu alinisindikiza hadi kwenye uzio, akakaa chini ya mti akanisubiri. Sikumuuliza. Jioni intaneti ilikuwa imezimwa, na habari za Dar es Salaam, maandamano, risasi, amri ya kutotoka nje usiku, zilitufikia kwa vipande kwa waliopiga simu. Watu waliuawa. Walikuwa watoto wa umri wa daftari lile.

Simu yake ikiwa haina kazi, alikuja kukaa nami nje, jambo ambalo hakulifanya siku nyingi. Tulikaa muda mrefu. Kisha akauliza, "Babu, ule mwaka wa kwanza ulichagua jembe au nyumba?"

Miaka sitini, na hakuna mtoto wangu aliyepata kuniuliza.

"Nyumba," nikamwambia.

Akavuta kigoda karibu. "Kwa nini?"